Lengo kuu la mwandishi

SWALI: Najiandaa kufanya mtihani wa SAT. Vifungu vya sayansi navielewa, ila swali la lengo kuu la mwandishi hunishinda. Nifanyeje?

JIBU: Unashika habari vizuri; kilichobaki ni kujiuliza zimeandikwa kwa nini. Chukua kifungu kuhusu vidonda vya tumbo. Kinaanza kwa kusema madaktari waliamini kwa miaka mingi kwamba chanzo chake ni asidi na msongo wa mawazo. Halafu inakuja “lakini”: Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha kuwa mara nyingi chanzo ni bakteria, Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, na tumbo lake likapata uvimbe. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Jibu linalotaja kunywa bakteria litakuvuta, kwani ni kweli tena linasisimua. Liache. Huo ni ushahidi tu, umewekwa pale kutumikia hoja. Lengo ni kueleza jinsi imani iliyozoeleka ilivyopinduliwa, na hoja hiyo imebebwa na ile “lakini”.

Chunguza pia kitenzi cha kila jibu. “Kuwalaumu madaktari” ni kali mno kwa kifungu ambacho hakijamlaumu yeyote.

Kabla hujatazama majibu, kamilisha sentensi hii kwa maneno yako: “Mwandishi ameandika ili…” Kisha tafuta jibu linalofanana nayo. Anza leo na vifungu vya zamani ulivyokwisha kufanya.