Somo la 9: Kidonge Kisipoyeyuka Hakiponyi

Ukiugua, unakwenda zahanati. Unapewa vidonge. Unameza kidonge na kunywa maji. Je, unajua kidonge hicho kinafanya nini tumboni?

Kwanza kidonge hupasuka. Kisha dawa huyeyuka, ikaingia katika damu. Kidonge kisipoyeyuka, hupita tumboni na kutoka kama kokoto. Mgonjwa amemeza dawa, lakini dawa haikumfikia.

Kiwandani

Unga wa dawa huchanganywa na vitu vingine. Kimojawapo ni wanga, kwa mfano wanga wa mahindi. Wanga hunywa maji na kuvimba. Huo ndio unaopasua kidonge tumboni.

Mchanganyiko huo hutiwa katika kalibu ya chuma. Michi miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, huushindilia kwa nguvu. Unga unakuwa kidonge.

Lakini unga ulioshindiliwa hung'ang'ania chuma. Kidonge hubanduka vipande, na mashine huharibika. Mpishi hupaka chombo mafuta ili mkate usigande. Kiwandani hutiwa kilainishi. Kinachotumika sana ni unga mweupe uitwao magnesi stearati. Katika kilo 100 za mchanganyiko, mara nyingi kilainishi ni kati ya robo kilo na kilo 1 tu.

Kikizidi

Jipake mafuta mkononi, kisha mwagia maji. Maji yanateleza, hayaingii. Kilainishi nacho hukataa maji. Kikiwa kingi, hufunika chembe za dawa na za wanga. Maji hayaingii upesi. Kidonge huchelewa kuyeyuka. Tena chembe zilizofunikwa hazishikani vizuri, kwa hiyo kidonge huwa dhaifu na kumomonyoka.

Hata kipimo kikiwa sawa, kukichanganya muda mrefu huleta madhara hayo hayo. Kilainishi husambaa na kufunika kila chembe. Ndiyo sababu hutiwa mwishoni, kikachanganywa kwa dakika chache tu.

Kupima

Kwa macho huwezi kukijua kidonge kibaya. Wapimaji huchukua vidonge 6. Kila kimoja hutiwa katika chombo chake chenye maji maalumu ya joto la nyuzi 37, kama joto la mwili. Maji hukorogwa polepole. Kisha hupimwa dawa iliyoyeyuka kwa muda uliowekwa. Tanzania Bara, ubora wa dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Wewe ufanye nini?

1. Meza kidonge kwa maji ya kutosha.
2. Weka dawa mahali pakavu, pasipo na joto kali.
3. Usisage wala kutafuna kidonge bila kuuliza. Vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole kwa makusudi. Ukivisaga, dawa yote huingia mwilini kwa mara moja. Ni hatari.
4. Usipopata nafuu, usiongeze vidonge. Rudi zahanati upesi, na uchukue pakiti ya dawa uwaonyeshe.

Maswali

1. Wanga hufanya kazi gani katika kidonge?
2. Kwa nini kilainishi hutiwa kiwandani?
3. Kilainishi kikizidi, kidonge hupata madhara gani mawili?
4. Nyumbani kwako dawa huwekwa wapi? Je, mahali hapo panafaa?