Dondoo Muhimu: Hadithi Kabla ya Kishikwambi

Mzazi au mwalimu atakaye kumfunza mtoto wa miaka 5 hadi 7 fikra za kompyuta, na aanze na hadithi ambayo mtoto ameihifadhi barabara, aviandike visa vyake katika vipande vya karatasi, avichanganye, kisha amwachie avipange upya kwa mfuatano wake. Kwani kutambua hatua ipi hutangulia ipi ndiyo asili ya elimu hii yote.

Hapo ndipo ScratchJr, programu ya bure ya kishikwambi iliyotolewa mwaka 2014, itakapomfaa: mtoto huunganisha vipande vyenye alama za picha, na wahusika wakatembea, wakaruka, wakasema kwa sauti aliyoirekodi mwenyewe. Kazi moja haizidi kurasa 4, na mpaka huo, kwa rai yangu, ni neema, maana humlazimu mtoto kuamua kisa kipi ni cha lazima.

Pasipo na kishikwambi, chora miraba sakafuni, mtoto mmoja awe Sungura na mwenziwe amwamrishe kwa kadi za mishale. Sungura akipotea njia, tafadhali usiharakishe kusahihisha. Uliza ni kadi ipi iliyompoteza, nawe usubiri jawabu.