Kupiga kambi na kukaa kambini

Chukua sentensi hii: «Wakati wa sikukuu tulipiga kambi na marafiki, tukapanda mlimani.» Msomaji wa Nairobi ataona kamba na miamba ya Hell's Gate. Msomaji wa Ngungu, Masisi, huenda akaona mambo mengine.

1. *Kupanda* ni vitenzi viwili vyenye umbo moja: kukwea, na kutia mbegu ardhini. «Kupanda mlima» ni kukwea. «Kupanda mlimani» huweza kuwa kilimo cha viazi.

2. Anayepiga kambi ni mtenda: amechagua mahali na siku ya kurudi. Anayekaa kambini, kama wakimbizi wa Masisi waliofika Bulengo karibu na Goma, hakuchagua. Kiambishi *-ni* chataja mahali tu.

Zoezi: fasiri sentensi zote mbili kwa Kifaransa bila kutumia neno moja kwa kambi zote mbili.