Kuchagua Tahasusi: Anzia Mwisho

Mtahiniwa, kabla ya kujaza Selform jiulize: baada ya kidato cha sita nataka kusoma kozi gani? Wengi huchagua tahasusi kwa sababu rafiki ameichagua, kisha kozi huitafuta baadaye. Wewe anzia mwisho.

Hatua za kufuata

1. Andika kozi mbili au tatu unazozitaka.
2. Soma sifa za kujiunga. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa mwongozo unaoonyesha masomo yanayotakiwa kwa kila kozi.
3. Tafuta tahasusi yenye masomo hayo. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, hivyo orodha ni ndefu kuliko ile aliyoijua kaka au dada yako.
4. Linganisha na uwezo wako. Alama C huanzia 45, B huanzia 65 na A huanzia 75. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hutoa nafasi ya kubadili machaguo mtandaoni, itumie.

Mfano

Mwanafunzi wa Dumila anataka kuwa daktari wa binadamu. Fizikia inamsumbua, hivyo anachagua CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia). Je, atafika?

Fikiria njia panda ya Dumila. Gari moja linakwenda Gairo na Dodoma, jingine Kilosa. Yote ni magari mazuri, lakini aliyepanda la Kilosa asitegemee kushuka Dodoma. CBG inaweza kumfikisha kwenye kozi za kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro. Shahada ya udaktari wa binadamu, kwa mfano pale MUHAS, inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita, yaani PCB.

Zingatia

- Stashahada ya utabibu nayo inadai angalau D ya Fizikia katika kidato cha nne. Kama bado unalisoma somo hilo, usilitupe miezi hii ya mwisho.
- Kama uliliacha kidato cha tatu, usipoteze nafasi kwa kuchagua PCB. Tafuta kozi zinazopokea masomo uliyonayo.
- Kanuni hii itakufaa hata chuoni. Mwanafunzi anayekwenda kusoma muhula mmoja nje ya nchi huhakikisha kwanza kwamba kozi atakazochukua huko zitatambuliwa na chuo chake. Asipofanya hivyo, akirudi huenda akazirudia.

Zoezi

1. Kwa nini mwenye CBG hawezi kujiunga na shahada ya udaktari wa binadamu?
2. Taja kozi mbili unazozitaka, na masomo ya kidato cha sita ambayo kila moja inayadai.
3. Ni somo gani kati ya hayo lina alama ndogo kwenye mtihani wako wa majaribio? Panga saa zake za ziada kuanzia wiki hii.