Mnong'ono Juu ya Uzi: Kutunga Muziki wa Filamu Ukiwa Nyumbani Makere

Anza na mvua. Nyumba nyingi za Makere zimeezekwa kwa bati, na masika yakishika, bati hizo hazipumziki. Siku itakaponyesha vizuri, weka simu juu ya godoro katikati ya chumba, bonyeza kitufe cha kurekodi, kisha utoke ufunge mlango. Iache dakika kumi. Umeanza kutunga muziki wa filamu na bado hujagusa kinanda.

Nawaandikia hasa vijana wanaopiga vinanda makanisani, huku kwetu kati ya Kasulu na Kibondo. Mnajua kuifuata kwaya hata inapopoteza ufunguo. Sasa mtu amekuletea video ya wafugaji nyuki, au ya mradi wa maji, akakwambia, "Niwekee muziki." Wengi huwasha mdundo uliomo ndani ya kinanda. Bibi anatembea polepole kwenye ukungu wa asubuhi, nyuma yake rumba inarindima, na picha inakufa pale pale.

Muziki unaoweka hali ya picha hauhitaji mdundo, na mara nyingi hauhitaji hata wimbo. Unahitaji sauti inayobadilika polepole, na sinthesaiza imeumbwa kwa kazi hiyo. Kinanda cha kanisani kina piano na filimbi zilizokwisha kurekodiwa. Sinthesaiza inakupa mtetemo mbichi, uuchonge mwenyewe.

Mgiriki Vangelis aliipigia muziki filamu ya Blade Runner, iliyotoka mwaka 1982, kwa kutumia Yamaha CS-80, chombo chenye uzito wa karibu kilo 100. Hakuwa msomaji wa noti. Alikuwa akitazama picha huku vidole vikitafuta njia. Leo chombo kama hicho unaweza kukibeba ndani ya kompyuta mpakato. Programu za Surge XT na Vital zinapatikana bure, na ya kupangia sauti inaweza kuwa LMMS, ambayo nayo ni ya bure, au Reaper, ambayo unaijaribu siku 60 kabla ya kulipia. Zishushe kwa bando la usiku. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Ya GB 4 itakubali pia, ila kila safu ukiimaliza uigeuze iwe faili ya sauti ili mashine ipumue.

Kinanda cha kwaya kikiwa na tundu la USB la mraba, waya wa printa unatosha kukiunganisha na kompyuta. Omba ruhusa kwanza kwa viongozi wa kwaya, kwa sababu chombo ni cha wote. Hedifoni ziwe za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti, na utadhani ni vidole vyako vilivyozembea. Tena, hifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Nimewahi kupoteza kazi ya kutwa nzima umeme ulipokatika jioni, na sauti niliyokuwa nimeipata siku ile sijaipata tena mpaka leo.

Kabla hujafungua programu yoyote, tafuta rekodi ya inanga ya Warundi, majirani zetu. Ni ubao uliochongwa kama hori dogo, na uzi mmoja mrefu hupitishwa juu yake kwenda na kurudi. Wapo wapigaji ambao hawaimbi, wananong'ona. Mfano mzuri umo kwenye santuri ya kampuni ya Ocora ya Ufaransa, iliyorekodiwa Burundi mwaka 1967. Mnong'ono hauna noti, ni pumzi tupu. Noti inabebwa na uzi. Lakini kwa kuwa pumzi na uzi vinakwenda pamoja, sikio linaviunganisha, nawe unaamini kabisa kwamba yule mtu anaimba. Hakuna somo la sinthesaiza nililowahi kulipata linaloshinda hilo. Tuliige.

Safu ya kwanza ni uzi. Chagua mawimbi mawili yenye umbo la msumeno, yapige noti moja, kisha moja ulipandishe kidogo sana, senti 6 au 7, ukikumbuka kuwa nusu-toni ina senti 100. Yatakuwa yakikaribiana na kuachana, kama waimbaji wawili wanaopendana lakini hawalingani kabisa. Sauti itakuwa kali. Weka filta inayopitisha sauti za chini, uishushe mpaka karibu Hz 500, na ukali utageuka joto. Kisha weka muda wa kuingia uwe sekunde 3, na wa kufifia sekunde 6, ili ukibonyeza noti ifike kama mtu anayetokea mbali barabarani. Mwisho, unganisha filta na kile kitikisio kinachoandikwa LFO, ukipe mwendo wa Hz 0.05. Hapo filta itafunguka na kujifunga mara moja kila sekunde 20. Msikilizaji hatajua kinachobadilika, ila hatachoka.

Safu ya pili ni mnong'ono, na hapa ndipo mvua yako inapoingia. Chuja ile rekodi ibaki sehemu ya katikati, kuzunguka Hz 2000, kisha ishushe mpaka uanze kuitafuta kwa sikio. Sasa fanya alichofanya mpiga inanga: kila uzi unapoingia, mvua ipande pamoja nao, na uzi unapofifia, nayo ishuke. Chora mwendo huo kwa mkono kwenye programu, noti kwa noti. Ni kazi ya kuchosha, lakini usiikwepe. Bila hiyo utakuwa na kinanda upande mmoja na mvua upande mwingine. Ukiifanya, mvua ya Makere itaanza kuimba.

Ukishaonja hilo, hutaacha kukusanya sauti. Rekodi mchi kwenye kinu, kisha uuchezeshe kwa nusu ya kasi: sauti inashuka oktavu nzima. Kwa robo ya kasi inashuka oktavu mbili, na mtwango wa muhogo unakuwa ngoma iliyo nyuma ya mlima. Mfuate mfugaji nyuki jioni, yeye mwenyewe akusogezee simu karibu na mzinga. Mvumo wa nyuki uko karibu na Hz 200 hadi 250, pale tenori anapoimba kwa raha, kwa hiyo unaweza kuupatanisha na uzi. Ukimrekodi mtu anayeimba, mwombe idhini, na mkubaliane malipo kabla.

Upande wa noti, kwaya imeshakufundisha zaidi ya unavyodhani. Fikiria kwa tonic sol-fa. Shika d chini kabisa, mahali pa sauti ya nne, na s juu yake. Usiiweke m. Hiyo m ndiyo inayoamua. Ikikaa mahali pake, watu wanasikia furaha, na ikishuka nusu wanasikia huzuni. Ukiiacha nje, ni picha inayoamua. Baada ya sekunde 15 au 20, ipeleke s kwenye l, d ikiwa haijaondoka. Irudishe, kisha ipeleke f. Sauti moja isogee kwa wakati mmoja, nyingine zisimame.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Kambi ya Nyarugusu imekuwa ndani ya kata yetu tangu mwaka 1996, ilipoanza kuwapokea Wakongomani waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi wengi wakaongezeka. Video zinazopigwa pale ni nyingi. Nyingi nilizoziona zinaanza na piano ya huzuni tangu picha ya kwanza, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Mama anapika, anacheka na jirani yake, na muziki umeshamlilia. Kumwekea d na s bila m ni kumpa nafasi aseme mwenyewe alivyo. Akifika kwenye habari ya mwanawe aliyepotea njiani, hapo utajua kama m inahitajika, na mara nyingi utaona haihitajiki.

Tazama video mara tatu bila sauti kabla ya kutunga. Andika kwenye daftari kila badiliko na sekunde yake: mlango unafunguliwa 0:12, mtoto anageuka 0:31. Weka mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, ili pigo moja liwe sekunde moja, na kipande cha sekunde 48 kiwe na bari 12 za mapigo manne. Usipige noti mpya pale pale mtoto anapogeuka. Iingize sekunde moja baadaye, mtazamaji akishamwona.

Mtu akiongea, mpishe. Herufi za maneno hueleweka zaidi kati ya Hz 1000 na 4000, na mnong'ono wako unakaa humo humo. Punguza mvua kwanza, halafu ushushe muziki wote kwa desibeli 6 au zaidi, mpaka kila neno lisikike bila kukaza masikio. Kisha sikiliza kwa simu, maana watazamaji wengi wataiona kazi hiyo kwenye simu. Sauti ya chini ya Hz 100 itakuwa imetoweka. Rudia noti ileile oktavu moja juu, kwa upole, na uzito utarudi. Toa faili kwa Hz 48,000 na biti 24, kama watengenezaji wa video wanavyotaka.

Mwaka 2017 ilitoka filamu ya Jane, iliyotokana na picha ambazo Hugo van Lawick alizipiga Gombe katika miaka ya 1960, hapa hapa mkoani Kigoma. Muziki wake ulitungwa na Philip Glass wa New York, nami naupenda. Ila siku mtu atakapopiga filamu ya mabwawa ya Moyowosi au ya mto Malagarasi, ningetaka mtunzi awe ni yule anayejua jinsi mvua inavyotangulia kusikika kwa jirani kabla ya kufika kwake.

Imebaki namna ya kumaliza. Usifunge kwa kodi kubwa kama mwisho wa tenzi. Anza kwa kuondoa kinu, kisha s, kisha uiachie d ifife kwa sekunde zake 6. Mvua ibaki peke yake, bila filta sasa, iwe mvua ya kawaida juu ya bati. Iache ipite hadi ndani ya picha inayofuata, mtu akae kitini, atazame kamera, na uikate anapovuta pumzi ili aseme.