Dondoo muhimu: Oedipus ubaoni

Unafundisha tamthilia ya Mfalme Oedipus ya Sophocles? Michoro mitatu yatosha: taji, njia panda, jicho. Njia panda iwe ya barabara tatu. Hapo Oedipus alimuua Laius asijue ni baba yake, na wasomaji wengi hupapita mbio.

Jicho ndilo lenye kazi. Chora mawili: la mtabiri kipofu Tiresias limefumba, la Oedipus liko wazi. Uliza darasa nani anaona. Mfalme akishajitoboa macho kwa pini za vazi la mkewe Jocasta, mwanafunzi aje afute jicho lililo wazi. Rangi za nini? Chaki inatosha.

Taji usilifute mapema. Hata akiwa kipofu, Oedipus bado anataka kuamuru, mpaka mtawala mpya, Creon, amkatalie. Lifute hapo.