Kabla Hujauza Pikipiki Ununue Lenzi

Mdogo wangu, vuta mkeka ukae, simu weka kando kidogo. Wiki hizi nimeulizwa habari za lenzi mpaka nimeshangaa mwenyewe, maana nilizoea kuulizwa habari za wachumba na mawifi. Mmoja wenu anapiga picha za bidhaa: hereni, pete, mafuta ya nywele, vitu vya watu wanaouza mtandaoni. Sasa anataka kuuza pikipiki, ile ile ambayo kijana wake huleta hesabu kila jioni, ili anunue lenzi ya makro inayoinama na kusogea, ambayo mafundi wanaiita tilti-shifti. Nikamuuliza, umewahi kuishika? Hajawahi. Kaiona kwenye video, kaota nayo.

Simcheki, na wewe usimcheke. Nani kati yetu hajalala akiamini kwamba kinachomkosesha wateja ni kile kifaa ambacho jirani anacho? Mimi ndoto hiyo hiyo niliilalia miaka miwili. Lakini usione vyaelea, vimeundwa, na ninyi wadogo zangu mnapenda kutazama merikebu, fundi hamumwoni.

Tuanze na kinachokuuma. Unapiga picha ya pete. Kito kimetoka vizuri, kingo zake kali kama wembe, lakini duara la pete kwa nyuma limeyeyuka kama samli juani. Mteja anakuuliza, "Mbona kama ina ukungu?" Unaona haya, unabana tundu la lenzi mpaka f/22, ukijua ukibana zaidi ukali utafika mbele na nyuma. Kweli unafika, kiasi. Lakini sasa picha nzima imelegea, kama umeipiga ukiwa ndani ya chandarua, kwa sababu mwanga ukipitishwa kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Tena kwenye makro, yaani kupiga kwa karibu sana, kuna deni la siri. Ukisogea mpaka kitu kikatua kwenye sensa ya kamera kwa nusu ya ukubwa wake halisi, hata ukiweka f/8, inafanya kazi kama f/12. Kikitua kwa ukubwa wake kamili, inakuwa kama f/16. Umeshabana na hujui, unaongeza kubana, halafu lawama unaitupia kamera.

Ukali wa picha, mdogo wangu, ni chapati. Ni mwembamba, umesimama wima mbele ya lenzi, sambamba na sensa. Kilichoangukia kwenye chapati hutoka kikali, kilicho mbele au nyuma yake hufifia, na ukisogea karibu sana chapati yenyewe inabaki na unene wa milimita chache. Lenzi ya kawaida inakuruhusu kuipeleka mbele na kuirudisha nyuma, basi. Hii ya kuinama inakuruhusu kuilaza mezani.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo mnapotumbukia. Haiigeuzi chapati kuwa boflo. Inailaza tu. Wembamba uko pale pale, ila umbo linakuwa kama kabari, jembamba upande wa kamera na nene kadiri linavyokwenda mbali. Ukiwa umeilaza mezani, na juu ya meza kuna chupa ndefu ya manukato, kitako cha chupa kitakuwa kikali na shingo itapotea. Hapo utasema umeuziwa lenzi mbovu. Si mbovu. Hukuamua unauza nini: lebo, kifuniko, shanga, au rangi ya mafuta yenyewe? Lenzi hii inamtaka mtu aliyekwisha kuamua, na wengi wetu tunapiga picha kwanza, tunaamua baadaye tukiwa mbele ya kompyuta, usiku, macho mekundu.

Nikuonyeshe kwa mfano. Makubadhi ya kike, ya ngozi, yamepambwa shanga ndogo ndogo kutoka kidoleni mpaka kwenye kamba ya juu. Umeyalaza mezani, kamera iko kwenye stendi, inayatazama kwa mshazari kutoka juu. Bila kuinamisha, mistari miwili ya shanga ni mikali, iliyobaki ni vumbi la rangi. Sasa fungua kioo cha nyuma cha kamera, kuza mara 10. Geuza pete ya fokasi mpaka shanga za mbali zitulie. Nenda kwenye za karibu, na hizo usiziguse kwa pete. Ziite kwa skrubu ya kuinamisha, taratibu, kama unavyoonja chumvi. Rudi mbali, utakuta zimehama kidogo, zirekebishe. Karibu tena. Safari tatu au nne hivi. Halafu ghafla shanga zote zinakaa, moja moja, na uzi unaonekana unapopita katikati ya tundu, na tundu lako bado liko f/8. Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliita watu waliokuwa jikoni waje kutazama. Walitazama, wakarudi kwenye maharage yao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa anayeinama ni lenzi, lakini mgongo utauma wako.

Fokasi ya kujitafutia yenyewe usiitarajie. Lenzi za namna hii za Canon na Nikon zote ni za mkono. Ukiwa mtu wa kubonyeza na kukimbia, utachukiana nayo siku ya kwanza.

Na si kulala tu. Lenzi inazungushwa, iiname kwa upande. Panga chupa tano za mafuta ya nazi kwa mshazari, ya kwanza karibu, ya tano mbali, kisha inamisha lenzi kwa upande. Chapati inasimama wima, inafuata mstari wa lebo zote tano, kuanzia kitako mpaka kifuniko. Ile shida ya shingo kupotea imekwisha. Uliamua unauza lebo, ukapewa lebo.

Mambo haya si ya juzi. Watu wa zamani walikuwa na kamera kubwa zenye mfuko wa kukunjana kama kodiani ya taarabu, lenzi mbele, filamu nyuma, kila upande unapinda utakavyo. Kanuni yenyewe inabeba jina la Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria, aliyeiandikia hataza mwaka 1904 akiwa anahangaika kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani. Mwenyewe hakuficha kwamba Mfaransa Jules Carpentier alimtangulia mwaka 1901. Chora mstari wa sensa, mstari wa lenzi na mstari wa bidhaa: ukali unalala juu ya bidhaa pale ambapo mistari yote mitatu inakutana mahali pamoja. Mimi nampenda mtu huyo kwa kumtaja mwenzake. Ninyi mnaoibiana mitindo ya picha bila hata kusema asante, mnajijua.

Sasa mipaka, maana wauzaji hawaisemi. Shuka karibu, au shusha kamera iwe chini chini karibu na meza, na lenzi itataka kuinama zaidi ya inavyoweza. Chukua ya milimita 90, iweke nusu mita kutoka kwenye hereni, inatazama chini kwa digrii 45. Kuilaza chapati mezani kabisa kunataka zaidi kidogo ya digrii 10, na Canon ya milimita 90 mwisho wake ndiyo hiyo 10. Nikon ya milimita 85 inaishia 8 na nusu. Ukishusha kamera zaidi, utazungusha skrubu mpaka igome na nyuma bado kumefifia. Hapo usivunje vidole. Inua kamera kidogo, au rudi nyuma, au ukubali nusu ya njia na ubane tundu hatua moja. Kukubali nusu si aibu.

Kusogeza, ule upande wa pili wa jina lake, watu wanakudharau, na mimi naona ndiko kunakolipa mapema zaidi. Ukitaka kuonyesha kifuniko cha chupa unainua kamera na kuiinamisha chini, sivyo? Chupa inatoka ina mabega ya bondia na kiuno cha nyigu. Acha kamera ikae sawasawa juu ya stendi, isiiname hata kidogo, kisha telezesha lenzi ishuke. Chupa inaingia kwenye picha imenyooka kama ilivyotoka kiwandani. Na ile aibu ya kujiona mwenyewe kwenye sufuria ya kung'aa, au kwenye kioo cha saa, na fulana yako ya mpira? Sogeza kamera pembeni mpaka usijione, kisha telezesha lenzi kurudi upande wa bidhaa. Bidhaa inaonekana imetazamwa usoni, na wewe haumo.

Nikupe na kisa changu, usidhani mimi nilizaliwa najua. Lenzi ya kwanza ya namna hii niliikodi kwa siku moja. Nilikuwa na kazi ya maboksi ya manukato, maboksi zaidi ya 60, mwenye duka ananihimiza, kodi inahesabika. Nikaifunga kwenye kamera, nikapiga mchana kutwa. Kwenye kioo kidogo kila kitu kizuri. Usiku nikafungua kompyuta: kila boksi, upande wa kushoto umefifia. Maboksi yote. Aliyeikodi kabla yangu aliiacha imeinama digrii mbili tatu kwa upande, na mimi kwa haraka zangu sikutazama alama ya sifuri. Mdogo wangu, nilikaa kitandani na viatu. Nilifikiria kumwambia mteja kompyuta imeharibika. Asubuhi nikamwambia ukweli, akanuna, nikarudia kazi bure na kodi ya siku ya pili nikalipa mfukoni mwangu. Hajaniita tena mpaka leo, na simlaumu.

Toka siku hiyo mikono yangu inatazama kabla ya macho. Napapasa skrubu: sifuri ya kuinama, sifuri ya kusogea, vifungo vimekaza. Kukaza usikupuuze, maana lenzi hizi ni nzito, Canon ya milimita 90 inakaribia kilo, na ukiielekeza chini inaweza kuteleza yenyewe polepole ukiwa umeenda kupokea simu. Mwanga pia upime kwa mkono, tena kabla hujainamisha wala kusogeza, kwa sababu kipimo cha kamera kinaweza kukudanganya lenzi ikishapinda.

Turudi kwenye pikipiki. Canon walipotangaza makro tatu za namna hii mwaka 2017, za milimita 50, 90 na 135, kila moja Marekani ilikuwa dola 2,199. Kwa shilingi zetu ni mamilioni, na ushuru hujaugusa. Na hizo zote, kama zile za makro za Nikon, zinaishia nusu ya ukubwa halisi. Mwaka 2023 Wachina wa Venus Optics wakaleta Laowa ya milimita 100 inayofika ukubwa kamili, bei yake nafuu zaidi, lakini nafuu ya lenzi si nafuu ya mchele.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza kinachokulisha, jaribu vya bure. Bidhaa iliyo bapa ilaze, panda kwenye kigoda, piga kutoka juu kabisa: chapati na bidhaa zimeshalala pamoja, hudaiwi na mtu. Pete na hereni, piga picha 15 au 20 ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha programu ya kompyuta izirundike ziwe moja. Kwa kitu chenye kina, kama pete iliyosimama, njia hiyo inaishinda hata tilti-shifti. Ila haiwezi kitu kinachotembea. Asali inamiminika, moshi wa udi unapanda, mkono wa binti umeshika kikombe: hapo picha 20 hazilingani, unataka moja tu. Na mwenye bidhaa 60 kwa siku hawezi kurundika picha 1,200 akalala. Huyo ndiye mwenye haki ya kuiota hiyo lenzi.

Wewe wa pikipiki, kwa hesabu uliyoniambia, unapiga bidhaa nane kwa wiki. Nane, mdogo wangu! Iache pikipiki barabarani. Toa hesabu za siku chache ukodi lenzi hiyo Jumamosi moja, na uende na orodha imeandikwa kabisa: bidhaa gani, unauza uso gani, chapati ilale au isimame. Ukimaliza, futa vumbi, rudisha skrubu zote kwenye sifuri, kaza, ndipo ufunge begi la wenyewe. Nyuma yako yupo mwingine anakuja kuichukua, ana maboksi 60 na mwenye duka anampigia simu.